Damu ya Josephat

Machibya alipohamishia godoro lake sebuleni, mkewe Odeta alidhani ni kwa sababu ya mtoto. Winnie alikuwa anaota meno, analia mpaka majirani pale Igogo wanagonga ukuta. Lakini meno yalitoka, kilio kikaisha, godoro likabaki palepale. Kisha Machibya akajitengea kikombe na kijiko, na wembe wake akawa anaufungia kwenye sanduku la vifaa vya kazi kana kwamba ni bastola.

Alikuwa fundi wa mitambo ya barafu kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, mojawapo ya vile viwanda vilivyochipuka ufukweni baada ya biashara kuachiwa huru. Minofu ilipanda ndege kwenda Ulaya, mjini vikabaki vichwa na mifupa, na fundi wa barafu akawa anatafutwa kila upande wa ziwa. Ndivyo alivyojikuta Sengerema, akitengeneza jokofu la mnunuzi mmoja wa samaki, mpaka kivuko cha mwisho kikamwacha. Akanywa bia na dada aliyekuwa akikaanga chipsi jirani na nyumba ya wageni. Asubuhi wakaachana bila hata kuulizana wanakotoka.

Miezi ikapita. Siku moja Orwa, mwenzake kazini ambaye naye alizoea kutumwa Sengerema, akarudi kutoka huko akitafuna muwa.

"Yule dada wa chipsi unamkumbuka? Kaisha kabisa. Wanasema kakanyaga waya."

Akatema makapi, akaendelea na habari za mpira. Machibya alikaa juu ya ndoo. Kukanyaga waya kulikuwa na maana moja tu miaka ile: UKIMWI.

Akaenda kupima. Kwa kuogopa watu wa kanisani, alijiandikisha kwa jina la Josephat. Wakamwambia hana virusi. Alitoka akitembea kama mtu aliyetuliwa gunia, lakini alipofika karibu na soko akasimama ghafla katikati ya watu. Asiye na virusi ni nani? Ni Josephat. Na kama siku ile alikuwepo Josephat mwingine, wa kweli, vichupa vya damu vikachanganywa?

Akapima tena kwenye maabara ya mtu binafsi. Hana. Akajiambia hawa ni wafanyabiashara, wanampa mteja anachotaka kusikia. Akasubiri muda waliomshauri kabla ya kurudia kipimo, akavuka ziwa hadi Sengerema kwenyewe, akapima huko. Hana. Juma zima alilala vizuri, kisha akaamka na kipele shingoni, na yote yakaanza upya.

Kwa kuutazama kwenye kioo akitafuta utando mweupe, alikuja kuujua ulimi wake kuliko barabara ya kwenda kazini. Wenzake walipokwenda kula, yeye alipanda kwenye mizani ya samaki. Na kweli alikuwa anakonda. Chakula hakikupita kwa sababu ya hofu, na kila alivyokonda, hofu ilizidi.

Jumapili moja Odeta alitenga ugali na sato kwenye sahani moja.

"Leo tunakula pamoja."

"Kula tu, mimi nimeshiba."

"Machibya, ni nani?"

"Nani, nani?"

"Huyo unayemtunzia mwili. Unanikimbia ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Mwambie basi aje na kukufulia."

Machibya alitaka kucheka, sauti ikatoka kama kikohozi. Akamweleza yote: kivuko, bia, dada wa chipsi, maneno ya Orwa. Ugali ulipoa.

"Umepima?" Odeta akauliza mwishowe.

"Mara nyingi."

"Wakasemaje?"

"Sina. Lakini nilijiandikisha Josephat."

Odeta alisogeza sahani kando.

"Kwa hiyo kunisaliti ulikwenda kwa jina lako, hospitali ukaenda kwa jina la watu."

Siku hiyohiyo alimfunga mtoto mgongoni, akaenda kwa mama yake Usagara.

Odeta alirudi wakati Machibya ameshakata tamaa. Machibya alimkuta akimsubiri kwenye geti la kiwanda, peke yake, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama anakwenda msibani.

"Twende tukapime," alisema. "Kabla hujahamia sebuleni tulikuwa tunalala wote. Na mimi namnyonyesha mtoto. Hilo hukulifikiria?"

Alikuwa amelifikiria. Ndilo hasa alilokuwa akilikimbia usiku na mchana.

Safari hii walitoa majina yao halisi, wakaeleza na habari ya Sengerema. Siku ya majibu waliingia pamoja kwa mshauri, muuguzi mtu mzima aliyeitwa Dorotea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaeni." Hakuwachelewesha. "Baba hana virusi. Mama hana virusi. Na kwa muda uliopita tangu siku hiyo ya Sengerema, hakuna cha kusubiri tena."

Odeta alijifunika uso kwa khanga, akalia. Machibya akalamba midomo.

"Mama, samahani. Hiyo mashine yenu... huwa inakaguliwa?"

Kilio cha Odeta kikakatika. Dorotea aliweka kalamu chini.

"Ningekuambia unao, ungeuliza habari za mashine?"

Dorotea akamjibia mwenyewe.

"Ungeamini papo hapo. Kwa nini?"

"Kwa sababu..." Aliangalia sakafu. "Kwa sababu ningekuwa nimestahili."

"Hayo hayamo kwenye damu, na mimi sikuchomi sindano tena. Njoo Alhamisi tuzungumze. Aliyekosewa umekaa naye hapo, anza na yeye. Niitieni anayefuata."

Nje, karibu na foleni ya wajawazito, Machibya aliomba msamaha kwa sauti iliyomfanya mama mmoja ageuke. Odeta alifuta macho.

"Sijui bado," alisema. "Twende kwanza Usagara tukamchukue mtoto."

Alisamehe polepole, na kuna siku aliuchukua tena msamaha wake, nyumba ikawa kimya kuanzia chai mpaka kulala. Machibya alikwenda Alhamisi ile, akaenda na nyingine. Hofu haikufa. Ilikuwa inarudi bila hodi, wakati anafunga boliti au anaimba kanisani. Alichojifunza ni kuitaja kwa sauti.

Mwaka uliofuata, Odeta akiwa mjamzito tena, walikuwa ufukweni wakinunua dagaa. Machibya akaacha kuchambua.

"Limenijia wazo la kwenda kupima."

"Umekwenda kwa mwanamke mwingine?"

"Sijaenda popote."

"Basi ni wazo tu. Lisubiri lipite." Akamsogezea ungo. "Halafu hawa wana mchanga mwingi, mwambie atupunguzie bei."

Machibya akashika ungo. Wazo lilikuwa bado halijapita. Alifungua mdomo, akaanza kubishana na muuza dagaa.