Miramura ya Kwenye Pijo

Polikarpi alikuwa ameinama ndani ya chumba cha injini cha Pijo, gari la Mzee Rwegoshora, akibandua gundi ya zamani kwenye maungio ya mabati. Injini yenyewe ilikuwa pembeni, imefunikwa turubai. Gereji ilikuwa nyuma ya stendi ya Kayanga, na kila basi lilipogeuza, vumbi liliingia, kwa hiyo alifunika kwa magazeti sehemu alizokwisha kuzisafisha. Kazi ya maungio haitaki haraka. Pale bati moja linapokutana na jingine ndipo maji hujificha, na kutu huanza kula mahali ambapo rangi haifiki. Gundi mpya haishiki juu ya uchafu. Inabidi kukwangua mpaka bati ling'ae, kufuta kwa tina ya rangi, kupaka rangi ya kwanza na kuiacha ikauke, ndipo gundi isukumwe ndani ya ungio na kulainishwa kwa kidole.

Chini ya gundi ya zamani hakukuta kutu. Alikuta udongo mwekundu, mbichi, kama umechimbwa asubuhi ile. Akaukwangua, akapafuta, akaenda kunywa chai. Aliporudi, mche wa mramura ulikuwa umechomoza kwenye ungio la ukuta unaotenganisha injini na dereva, majani yake marefu yamesimama wima.

"Gari la mzee limeota," alisema Joanitha, aliyekuwa akiuza chai na chapati mlangoni pa gereji. "Mwambie aje na jembe apalilie."

"Lete chapati, dada, acha maneno."

"Chapati naleta. Ila mramura hauoti wenyewe tu. Hupandwa na mtu, tena mbele ya majirani."

Polikarpi alilijua hilo. Kwao Nyakasimbi, mpaka wa kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, ni miramura. Pale iliposimama ndipo mpaka ulipo, na chini ya kila shina huzikwa kigae cha chungu cha mwenye kibanja, kwa kuwa kigae hakiozi. Aliung'oa ule mche. Uliota mwingine, kisha mwingine kando yake, hadi ikawa safu iliyonyooka kutoka madigadi ya kulia hadi ya kushoto.

Akaweka brashi ya waya chini na kufikiri. Mama yake, Nyirabageni, aliletwa kutoka Rwanda akiwa mgongoni mwa mama yake, na kibanja chake kilipakana na cha Rwegoshora. Msimu mmoja wa mvua miramura yote ya upande wa chini ilitoweka, na kwenye tope kulikuwa na alama za matairi. Kitongoji kizima kilikuwa na gari moja. Polikarpi alilieleza baraza la wazee habari ya matairi, akajibiwa kwamba matairi hupita popote. Wazee walitembea shambani, hawakuona mramura, wakasema hapakuwa na mpaka. Migomba ya chini ikawa ya Rwegoshora.

Mchana mzee mwenyewe alifika, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Bado hujaziba?"

"Kuna miche, mzee."

Rwegoshora aliitazama kama mtu anavyowatazama wageni aliowatarajia kuchelewa zaidi. "Ng'oa."

"Nimeng'oa. Inarudi."

"Basi ziba juu yake. Mwanangu anapewa upadre, na gari hili ndilo litakalomtoa kanisani. Ziba sawasawa, kisitoke kitu."

"Yasiingie maji, mzee."

"Ndiyo hayo hayo," alisema Rwegoshora, akaondoka.

Polikarpi hakupenda kumhukumu mtu kwa neno moja. Alimpigia simu mama yake. Nyirabageni alikuja kwa bodaboda, kapu mapajani, akawasalimu wote gerejini kabla ya kutazama gari. Kisha akaingiza vidole chini ya mche wa katikati, kwenye ungio lisilopitisha hata ukucha, akatoa kigae.

"Huu ni mtungi wangu wa maji," alisema. "Ulinivunjikia kisimani nikiwa na mimba yako. Ona mistari yake."

Alikirudisha alipokitoa, kwa sababu kigae cha mpaka hakibebwi.

"Sizibi kabla wazee hawajaona," alisema Polikarpi. Akamwita Elick, mwenyekiti wa kitongoji, aje na wazee wa baraza. Walikuja, Rwegoshora nyuma yao, wakakizunguka chumba cha injini, wakashika majani, wakakitoa kigae, wakakipitisha mkono kwa mkono na kukirudisha.

"Mzee Rwegoshora," aliuliza Elick, "hii ni miramura ya huyu mama. Unabisha?"

"Sibishi. Ni yake kabisa."

Polikarpi aliuona wepesi wa jibu lile, na haukumpendeza.

"Basi tumemaliza," alisema Elick. "Mpaka tuliokuwa tunautafuta ndio huu."

"Ulipandwa shambani kwa mama," alisema Polikarpi.

"Ulipandwa huko, umesimama hapa. Mpaka ni pale miramura ilipo. Wewe mwenyewe umetuita tuuone, fundi."

Wazee walitikisa vichwa kukubali. Mmoja alimpongeza Nyirabageni kwa kupata mpaka wake.

Rwegoshora aliagiza gundi izungushwe kwenye mashina ili yasitikisike njiani. Polikarpi aliwaza kuacha uwazi mdogo upande wa betri, maji yapenye, mizizi ioze. Lakini miramura ikifa, mama yake angebaki hana mpaka kabisa. Kwa hiyo aliziba vizuri kuliko alivyowahi kuziba gari lolote. Akarudisha injini, akatoboa boneti ili majani yapate kutokea, akapaka rangi.

Siku ya upadrisho Pijo ilitoka kanisani ikiwa na maua kwenye vioo na miramura ikipepea juu ya boneti. Watu waliokuwa barabarani walipiga vigelegele. Haikusimama kwa Rwegoshora, ambako wageni walikuwa wakingoja chini ya turubai. Ilipita katikati ya migomba, ikaingia uani kwa Nyirabageni, ikasimama kati ya nyumba na jiko.

Padre kijana alishuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hongera."

"Naegesha tu hapa," alisema Rwegoshora, akazima injini.

Elick, aliyekuwa amekaa nyuma, alishuka na kufumba jicho moja, akaifuata safu ya miramura kutoka kulia hadi kushoto, mpaka kwenye migomba ya pande zote mbili.

"Jiko limeangukia upande gani?" aliuliza Nyirabageni.

"Upande wa mzee."

Nyirabageni aliingia jikoni akaipua sufuria ya ndizi ambazo hazijaiva. Polikarpi alingoja mafiga yapoe kidogo, kisha akaanza kuyahamisha, moja moja.