Sauti ya Nunow

Idman Abdilatif alikuwa mbele ya skrini tangu alfajiri, na macho yalimwasha kama aliyetiwa mchanga. Katika kituo kidogo cha televisheni mjini Garissa, yeye ndiye aliyesimamia seva, mashine iliyohifadhi vipindi vyote na kuvirusha hewani kila kimoja kwa saa yake. Ilikuwa mashine ya kazi: ilirekodi taarifa kutoka nje huku ikirusha kipindi kingine, na kila faili iliandikwa kwenye diski mbili, ili moja ikifa, mtazamaji wa mbali kijijini Diff asijue kumetokea nini. Sasa moja ilikuwa imekufa kwa wiki ya tatu. Meneja Shuaib kila akiulizwa diski mpya alijibu, "Inshallah." Mwenzake Idman wa zamu naye aliacha kazi baada ya Ramadhani, na hakuna aliyeletwa mahali pake.

Saa tano na nusu mlinzi alimleta mama mmoja, shungi limejaa vumbi. Aliitwa Batula. Alikuwa ametoka Hulugho kwa lori la mifugo.

"Nimemfuata kaka yangu Nunow," alisema, akikaa pembeni mwa kiti. "Mwaka jana watu wenu walimuuliza habari za ugonjwa wa ngamia, wakamrekodi. Alifariki mwezi wa Rajab. Mama yetu haoni tena, binti yangu. Anataka kuisikia sauti yake tu."

Idman alijua jibu kabla ya kutafuta. Seva ilifuta yenyewe chochote kilichopita siku tisini, isipokuwa mtu awe amekifungia kisifutwe. Nani angeifungia rekodi ya mchunga ngamia? Hata hivyo aliandika jina. Hakuna.

"Eddo," alisema, akimwita shangazi kwa Kisomali, "imefutwa."

"Sawa," Batula akasema polepole, kama mtu aliyekwisha ambiwa hivyo katika ofisi nyingi. "Nipumzishe miguu kidogo, kisha niondoke."

Ile "sawa" ilimchoma Idman. Alishika kipanya tena, na hapo akakumbuka zile nakala nyepesi. Kwa kila video, seva ilitengeneza nakala ndogo yenye ukungu, ya wahariri kuchagulia vipande bila kuigusa ile kubwa. Huko hakuna aliyewahi kufagia.

Ilikuwepo. Dakika nne.

Picha ilikuwa hafifu, tarakimu za saa zikikimbia juu ya kifua cha mtu mrefu mwenye kofia. Lakini sauti ilikuwa safi. "Ngamia wangu tisa walikohoa siku saba," Nunow alikuwa akisema. "Siku ya nane wakabaki sita." Mara akageuka kando: "Mwondoeni huyo mbuzi, anakula waya wa watu!"

Batula alicheka, mkono mdomoni. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na Idman akatazama ukutani mpaka yalipotulia.

"Lori linarudi saa ngapi, eddo?"

"Baada ya adhuhuri. Jingine ni baada ya siku tano."

Kutoa faili wakati seva inarusha kipindi cha afya na kupokea taarifa ya Wajir, yote kwa diski moja, ilikuwa kujitafutia balaa. Busara ilikuwa kungoja. Idman hakuwa na nguvu ya kumwambia mama yule angoje. Alichomeka kadi ya kumbukumbu ya simu ya Batula, akabonyeza.

Hewani, daktari aliganda mdomo wazi. Sekunde kumi na nne. Kisha akaendelea.

Shuaib aliingia simu ikiita mkononi. "Idman! Watazamaji wa Ijara wananipigia, kuna nini?"

"Ni mimi. Nilikuwa natoa faili. Diski moja haitoshi, nimekuambia." Hakupandisha sauti, hakuwa nayo ya kupandisha.

Shuaib alimwona Batula, akamtolea salamu, akashusha pumzi. "Niandikie maelezo," alisema.

Batula alifunga kadi ndani ya pindo la shungi, akamwombea Idman dua ndefu mlangoni, akaenda zake.

Maelezo yalikuwa mistari mitatu. Idman hakuficha kitu: aliandika jina la marehemu, haja ya mama yake asiyeona, na sekunde zilizopotea. Shuaib aliyasoma amesimama, akayakunja mara mbili. Kisha akavuta kiti.

"Nenda ukalale," alisema. "Mpaka magharibi nitakaa mimi. Nionyeshe tu pa kubonyeza."

Idman alimwonyesha. Ilibidi arudie mara mbili, maana maneno yalikuwa yanamponyoka.

Alitandika mkeka katika chumba cha kuswalia wanawake, akaswali adhuhuri, na usingizi ukamchukua palepale, viatu bado viko mlangoni vimeelekea nje.