Mikono Mitupu Msibani

Fidelia alipochukua fomu ya udiwani hapa Kitandililo, alitangaza jambo lililowachekesha watu hadi Makambako mjini: mpaka kura zipigwe, hatampa mtu kitu chochote, hata kibiriti. Alisema serikali ingepaswa kuwapa wagombea wote fungu moja dogo la fedha za kampeni, na atakayetumia zaidi ya hapo aondolewe. Kwa kuwa serikali haijafanya hivyo, ataanza yeye. Mpinzani wake Lenard, mwenye malori ya mbao, hakubishana naye. Aliagiza kofia na fulana.

Wiki mbili kabla ya uchaguzi, Esnath akafariki. Alikuwa mke wa kaka yangu Hezekia, na rafiki wa Fidelia tangu darasa la kwanza.

Kwetu mtu haji msibani mikono mitupu. Asiye na unga huleta maharage, asiye na maharage huleta mzigo wa kuni. Fidelia alikuja na kitenge chake kiunoni, basi. Nikamvuta nyuma ya jiko.

"Lete debe la mahindi, nitasema ni langu. Nani atajua?"

"Wewe utajua, dada Anneth," akanijibu. "Na Lenard akifanya hivyohivyo, nitafungua mdomo kusema nini?"

Mchana pikapu ikashusha magunia manne ya mchele. Dereva alisema umetoka kwa dada yake Lenard, ambaye hagombei chochote. Tukaupokea, na nisijitie utakatifu, nilikula sahani mbili. Fidelia alikaa siku tatu akichota maji na kusugua masufuria yaliyopikiwa wali huo, na alilia kuliko sisi ndugu. Wanawake walitazama mikono yake wakanong'ona. Hezekia hakunong'ona. Siku ya kuanua matanga alimpita bila kumsalimu.

Lenard akashinda kwa kura sita.

Asubuhi baada ya matokeo kutangazwa, Fidelia akaja na debe la mahindi kichwani. Hezekia alikuwa amesimama mlangoni.

"Kamwene, shemeji," Fidelia akamsalimu. "Kura zimekwisha. Nimeleta ya msiba."

Hezekia hakulipokea debe. "Shemeji, nyumba hii ilipiga kura saba. Zote kwa Lenard. Nilisema hatumchagui mtu aliyemzika mke wangu mikono mitupu."

Mimi nilikuwa mmoja wa hao saba. Niliona aibu, nikainama kuchambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa.

Fidelia akabaki amesimama, debe kichwani. Yalikuwa mahindi ya shamba alilopalilia na Esnath, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama walivyofanya kila mwaka.

"Nilijua nitawakosa watu," akasema. "Sikujua ni ninyi."

Hapo ndipo Hezekia akanyoosha mikono, akalitua debe. Akauliza, "Utagombea tena?"

"Nitagombea. Ila jitahidini mtu asife wakati wa kampeni."

Hezekia akacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Kisha akakaa kizingitini, akalikumbatia lile debe, akalia.