Programu ya Matanga ya Mzee

Kavugho alifungua ile faili kwenye kompyuta ya ofisini kwa sababu ya adabu. Barua pepe ilitoka kwa Vagheni, mtoto wa mjomba wake Kahongya: "Mzee ametutoka. Programu ya matanga, siku na mahali, imefungwa kwa neno la siri, nalo ni hili." Butembo hakuna anayewapigia wafiwa simu kuuliza kama ni kweli. Unakwenda tu. Ila matanga yalikuwa Oicha au Mangina? Akafungua. Skrini ikapepesa, programu haikuonekana.

Mara dada yake mdogo, Émérance, akapiga simu akilia kutoka shuleni kwake Beni.

"Yaya, nimepata barua yako ya kifo! Ni mzee Kahongya? Niko natafuta kufungua programu kwa ordinateur ya masomo."

"Barua gani? Miye sikutuma kitu! Hapana fungua!"

Simu ilikuwa imeshakatika. Émérance hakupatikana tena, na alama za wanafunzi wote zilikuwa kwenye kompyuta ile.

Abdias, fundi wa ofisi, alikuja akachomoa waya wa intaneti. "Ni virusi, mama. Imeiba adresi ya Vagheni, sasa inatumia yako. Jamaa yote wameipata."

"Mais kichujio cha barua kiko! Kinatupa matangazo ya dawa ya nywele, hata barua ya padri kilitupa. Hii imepita namna gani?"

"Vagheni kinamujua. Maneno ya kilio hayana mubaya. Na faili ilifungwa, donc hakikuona ndani. Ni kama sanduku la kufuli kwa barrière ya askari."

"Ufunguo si uliandikwa palepale?"

"Ulikuwa wako, mama. Chenyewe hakijue kuutumia."

Kavugho akashika kichwa. "Basi mzee amekufa ao hajakufa?"

Ikabidi kuvunja adabu: Kavugho akampigia marehemu mwenyewe.

"Muyomba, uko muzima?"

"Niko mu shamba yangu ya kakao! Ulizo gani hilo?"

"Sema kwa nguvu kama uko muzima, na ile barua ya matanga batu basiifungue. Ninarekodi."

Mzee akasema, akaongeza na matusi. Kavugho akairusha sauti ile kwenye kundi la ukoo, akangoja.

Émérance akajibu wa kwanza: "Merci, yaya. Sikufungua, courant ilikatika, ordinateur ikazimika. Nimelia sana kusikia sauti yake. Alirekodi siku gani mbele ya kufa?"