Vitu Viwili Kati ya Vitano

Pale Fernleigh, nyumba ya kutunzia wazee, kila mtu alimwita Dolores Hruby "kipenzi". Mpishi alimwita kipenzi, mfagiaji alimwita kipenzi, na meneja, ambaye hakuwahi kulijua jina lake bila kuchungulia kibao cha mlangoni, alimwita kipenzi kuliko wote. Dolores alikuwa na miaka themanini na sita. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa karani wa shule ya msingi ya mji ule, akawanyoosha watoto na walimu wao. Jibu lake lilikuwa moja: "Mimi ni Bibi Hruby. Vipenzi vyangu vyote vimeshakufa." Zamani binti yake Paulette alicheka. Siku hizi neno lile lilimuudhi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifungua barua za malipo.

Nyumba ya Dolores, ile ya matofali aliyoilipia na marehemu mumewe mpaka nywele zao zikageuka mvi, iliuzwa ili apate chumba Fernleigh. Fernleigh iliitafuna kwa miaka minne, kuanzia paa hadi msingi. Sasa zilibaki pesa za miezi miwili. Zikiisha, mama angepewa siku thelathini afungashe, na pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu: kwa Paulette, ghorofa ya tatu, ngazi tupu bila lifti, kutwa nzima peke yake, maana Paulette alifanya kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno na hakuwa na mtu wa kumwachia. Mwezi uliopita mama alianguka bafuni pale pale Fernleigh, penye vishikio ukutani na kengele ya kuita. Kwa Paulette angeanguka asubuhi akaokotwa jioni. Waliosema mla nawe hafi nawe hawakukosea.

Na bado watu wa Fernleigh walikuwa na njaa. Jumatatu moja muuguzi wa Fernleigh, msichana anayeitwa Kendra, alikuja na kompyuta yake ya mkononi kumpima mama upya. Kuvalishwa soksi, pointi nne. Kukumbushwa vidonge, pointi sita. Kusindikizwa mezani, tatu. Dolores alipoomba afunguliwe chupa ya maji, Kendra aligusa kioo tena. Mwishowe alimvuta Paulette pembeni na kumwambia, kwa uso wa msibani, kwamba mama amechoka sana, anahitaji msaada mkubwa, kwa hiyo amepanda daraja la tatu. Daraja la tatu lilimaanisha dola elfu moja mia moja na hamsini zaidi kila mwezi. Paulette alitamani kuuliza chupa ile ya maji imegharimu kiasi gani, lakini aliogopa swali nalo lingehesabiwa.

Akaenda ofisi ya mji kutafuta msaada. Walimpa kitabu kizuri chenye karatasi za kung'aa, wazee wenye meno kamili wakiichekea saladi. Ndani mlikuwa na namba za simu. Aliipiga ya kwanza, ikampeleka kwa ya pili. Ya pili ilimpeleka kwa ya tatu. Ya tatu, baada ya muziki wa dakika arobaini, ilimshauri apige ya kwanza. Kilichopatikana papo hapo bila malipo kilikuwa darasa la kunyoosha viungo, kila Jumatano.

Mlango uliobaki ulikuwa wa serikali. Ingemlipia mzee asiyejimudu katika mambo mawili kati ya matano: kuoga, kuvaa, kula, kutembea na kwenda chooni. Mkaguzi alikuja, Bwana Whitlow, mtu mpole mwenye sweta, na Dolores akampokea kama anavyopokewa mgeni. Alisimama bila mkongojo, akamimina kahawa kwa mkono wake, akamkatia mkate wa lozi na kumweleza kwamba kila kitu anafanya mwenyewe, asante. Barua ilirudi wiki ile ile. Hakushindwa hata jambo moja. Basi alipotakiwa kulipa alikuwa hoi, na alipotaka kulipiwa alikuwa buheri wa afya. Paulette aliisoma barua akiwa amesimama jikoni, akatema mate kwenye sinki.

Walikata rufaa. Whitlow angerudi mara moja tu, na hiyo ndiyo ingekuwa ya mwisho. Paulette akamfunza mama yake: usioge, usichane nywele, vaa lile gauni lenye mchuzi.

"Unataka ninuke," mama akasema.

"Nataka ubaki na kitanda, Mama."

"Nilikulea usinuke, hata wakati hatukuwa na sabuni ya maana."

 Paulette alijichukia, na alimchukia kila aliyemfikisha hapo.

Siku yenyewe ilipofika, mama alikuwa amevaa suti yake ya buluu na rangi ya mdomo. Lakini hakudanganya. Alikiri kwamba alianguka na sasa anaogeshwa. Hilo likawa moja. Soksi, Whitlow alisema kwa masikitiko, peke yake hazihesabiki. Paulette akatoa karatasi ya Kendra, daraja la tatu, pointi zote. Mkaguzi akairudisha: hiyo ni hesabu ya Fernleigh; yeye lazima ajionee mwenyewe.

"Na chooni?"

"Naenda mwenyewe," mama akasema.

"Mama, tafadhali."

"Naenda mwenyewe, Paulette."

Whitlow akafunika kalamu. Alisema anasikitika sana, na ilionekana ni kweli.

"Kimepungua kimoja?" Dolores akauliza.

"Kimoja tu, Bibi Hruby."

"Na lazima ukione."

"Ndiyo, mama. Ndivyo sheria ilivyo."

Dolores akaweka kikombe mezani, akalaza mikono magotini na kumtazama yule mwanaume usoni. Paulette alidhani anatafuta maneno ya kumuaga. Kisha akasikia matone yakianguka kwenye zulia. Suti ya buluu ilikuwa inakolea mapajani, maji yanashuka kwenye soksi, na harufu ikajaa chumba. Mama hakuinamisha macho. Whitlow aliinuka nusu, uso mwekundu, hajui atazame wapi.

"Keti," Dolores akamwambia, kwa sauti ile iliyokuwa ikinyamazisha ukumbi mzima wa watoto. "Ulitaka kuona. Umeona. Andika."

Akaketi, akafungua kalamu. Paulette alikimbilia bafuni, akarudi na taulo, akapiga magoti miguuni pa mama yake. Mama akamshika bega.

"Usifute bado," akasema. "Hajamaliza kuandika."