Alama Zilizopita Chini ya Mlango

Saa tatu asubuhi mpima mitazamo aligawa karatasi arobaini na moja, kila moja na sentensi ishirini kuhusu somo la kompyuta. Mwanafunzi asome, kisha atie alama ya vema: moja ni kukataa kabisa, tano ni kukubali kabisa.

Mkuu wa shule alikuwa keshapita darasani kabla yake. "Wanangu, tano tupu. Wastani ukishuka chini ya nne, somo linafutwa. Msinitie aibu."

Msichana wa dawati la mbele, waliyemwita Kidole, alikuwa na mtihani wa vitendo Jumatatu. Miaka miwili alikuwa akijifunza kuchapa juu ya kipande cha boksi alichochorewa herufi na mwalimu. A ilikuwa imeshafutika. Kompyuta sita zilikaa chumba cha pili, zimefunikwa vitambaa, mlango una kufuli. Hufunguliwa wageni wakija kupiga picha.

Sentensi ya saba ilisema: Ninapata nafasi ya kutosha kutumia kompyuta. Kidole aliitazama mpaka wenzake wakamaliza. Akatia vema kwenye tano.

Ile alama ikainuka, ikashuka kwa mguu wa dawati, ikashika njia. Nyingine za darasa zima zikaifuata, zote zimetoka kwenye tano, mstari mmoja kama sisimizi, zikapita chini ya mlango wa chumba cha pili.

"Zinakwenda wapi?" aliuliza mpima, karatasi tupu mkononi.

"Kwenye kompyuta, madam," alisema Kidole.

Kutoka ndani ikasikika: ta. Ta-ta. Ta.

"Mkuu, tufungulie basi," mpima alimwambia mkuu, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni.

"Vumbi, dada yangu. Hizi ni mashine, si zizi la mbuzi."

Kidole akasimama. "Mkuu, hata dakika tano tu. Jumatatu..."

"Kaa chini!" mkuu alifoka. "Mtoto wa watu, unataka kunifungia shule?"

Nyuma ya darasa, mwalimu wa kompyuta alitazama viatu vyake.

Fomu ya mpima haikuwa na mahali pa kuandika alama zilizoondoka. Akachuchumaa, akatega sikio mlangoni, akahesabu milio mpaka ikatimia mia nane na ishirini. Hakuna iliyopungua. Akaandika: Wastani, tano. Mtazamo, mzuri sana.

"Si nilikwambia?" mkuu alisema, akimsindikiza. "Wanalipenda mno."

Ufunguo ulilia mfukoni mwake hadi getini.

Ndani milio iliendelea. Kidole akatoa boksi lake, akaanza kuifuatisha kwa vidole. Ilipofika A, akakisia.