Ndafu Aliyefunga Mkanda

Usiku wa kuamkia leo niliota nampeleka ndafu kwenye sendoff, sherehe ya kumuaga binti yetu Ndeshi anayeolewa. Ndafu, kwa asiyemjua, ni mbuzi mzima wa kuchoma. Kwetu Moshi huingia ukumbini amesimama, jani mdomoni. Akiingia amelala, wakwe huanza kunong'onezana.

Sasa sikiliza, hili si la ndotoni: sendoff ni Jumamosi, na mke wangu amekataa ndafu apande gari langu. Nimefunga springi ngumu nyuma, naye anasema, "Baba Ndeshi, gari linaruka kama panzi. Ndafu ataenda na Shirima." Shirima ni jirani. Nimwachie Shirima ndafu wa mwanangu?

Basi ndotoni naendesha. Ndafu amesimama siti ya nyuma, amefunga mkanda.

Kona ya kwanza, gari halilali hata kidogo.

"Hapo nakupongeza," ndafu anasema. "Springi zako za zamani zingenimwaga."

"Mwambie mke wangu."

Halafu tuta. Kichwa chake kinagonga paa.

"Mzee," anasema, akitafuna jani lake polepole, "kuchinjwa niliambiwa, kuchomwa niliambiwa. Hili sikuambiwa."

Tuta la pili limesimama katikati ya barabara, limevaa koti.

"Shikamoo," nasema.

"Marahaba. Kila siku unanipanda bila hodi. Isale liko wapi?"

Isale ndilo jani letu la kuombea radhi. Sina. Ndafu ananipa la mdomoni mwake.

"Limeliwa," tuta linasema. Lakini isale halikataliwi. Likalala chini, likatupisha.

Mara barabara ni ukumbi. Napita katikati ya meza, wakwe wameshaanza kupiga makofi, na ndafu magoti yanamtetemeka kwa kurushwa.

"Nalala, Mzee."

Springi ya nyuma ikaongea kutoka chini, bila haraka. "Sisi ni wa kubeba magunia. Umetupa mbuzi mmoja, tena mkavu. Tupe mzigo, tutalainika."

"Mzigo gani?"

Ikataja jina la mke wangu.

"Mimi sijasema kitu," ndafu anasema.

Kugeuka, mke wangu yuko siti ya nyuma, ameshika miguu ya ndafu. Gari likatulia kama linapita juu ya uji. Ndafu amesimama wima. Wakwe wakasimama. Nikaamka.

Nilienda moja kwa moja kwenye gari. Mkanda wa nyuma umefungwa, unateleza kwa mafuta ya mbuzi. Kwenye siti kuna nusu ya jani la isale.

Nikampelekea mke wangu jani hilo jikoni.

"Baba Ndeshi, hili limeliwa."

"Lipokee hivyo hivyo. Ndafu aende na sisi, na wewe ukae naye nyuma."

Akaligeuza lile jani, akalichomeka kwenye kilemba. "Kwa nini mimi?"

"Una mkono mtulivu, Mama Ndeshi."

Nje, chini ya gari, kitu kikakohoa.